Daktari Aliyetoka Chumbani

"We bwana, inuka! Utalivunda kasha!"

Gati la Lamu lilikuwa limejaa asubuhi ile. Magunia ya viazi, kreti za soda, kina mama wa Kizingitini wakigombania nafasi botini. Aliyekalia kasha alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, ametoka kushuka ndege ya Nairobi. Aliyemfokea alikuwa Thuwaiba, mikono ya buibui imekunjwa hadi viwikoni.

"Samahani, Bi. Nilidhani ni samaki."

"Samaki wa kupelekwa Kizingitini, kwa wavuvi wenyewe?"

Watu wakaangua kicheko.

"Basi mna nini?"

"Chanjo ya surua. Na kuikalia hakukukingi."

Kijana naye akacheka. Jina lake Fahmi, daktari wa watoto, mzaliwa wa Lamu mjini. Alikuwa pia mjumbe wa kamati ya wataalamu inayoishauri serikali mambo ya chanjo: ipi itolewe, kwa nani, kwa njia gani. Thuwaiba alikuwa mchanjaji kwenye boti ya majaribio iliyopeleka chanjo visiwa vya kaskazini. Majaribio yalikuwa yakielekea kwisha, na kamati hiyo ndiyo ingeshauri boti iendelee au isimame. Ikisimama, Thuwaiba hana kazi, na watoto wa vijiji vya mbali hawana wa kuwafuata.

Walipeana namba palepale gatini. Fahmi aliporudi Nairobi, simu zikaanza, na baada ya wiki chache, mapenzi.

"Umekula, roho yangu?"

"Mkate wa duka."

"Masikini! Na watu wakuita daktari."

"Njoo unipikie."

"Niko kazini, bwana. Kamati yenu ikitaka, nitabaki kazini. Utatusemea, sivyo?"

Fahmi akauliza habari za mvua. Kwa kuwa hakukataa, Thuwaiba alichukua kuwa ni ndiyo.

Siku ya kikao, Crispus, msimamizi wa boti, aliitwa ndani ilipofika zamu ya kuijadili. Jioni akampigia Thuwaiba.

"Wameahirisha. Wanataka ushahidi zaidi. Boti inasimama mwisho wa mwezi."

"Na Daktari Fahmi alisemaje?"

"Huyo? Mimi naingia, yeye anachukua koti anatoka. Hakusema neno."

Thuwaiba alimshukuru, akakata simu, akaizuia namba ya Fahmi.

Ijumaa iliyofuata alikuwa uani mwa zahanati ya Kizingitini, akisugua makasha ya chanjo kwa sabuni. Fahmi akasimama mlangoni, kanzu ya rangi ya maziwa, ameshika kofia ya vito ya kudariziwa.

"Mgonjwa nani?" Thuwaiba akauliza bila kuinua uso.

"Mimi."

"Foleni iko nje."

"Thuwaiba, nilitoka kwa sababu ni kanuni. Kabla ya kikao mwenyekiti humuuliza kila mjumbe: kuna jambo leo linalokugusa wewe au watu wako? Mwenye nalo hulisema mbele ya wote, na jambo hilo likifika, hutoka. Hasemi, hapigi kura."

"Wewe lakugusa nini? Boti si yako."

"Nilisema mmoja wa wachanjaji wake namtaka awe mke wangu."

Brashi ikasimama.

"Uliwaambia wote?"

"Wote. Mwenyekiti akauliza, mwenyewe anajua? Nikasema bado."

"Kunambia mimi kukakushinda, kuwaambia maprofesa kukawa sahali!"

"Niliona haya. Nilihofu ukijua sitaweza kuwasemea, hutanitaka."

"Ungenyamaza tu ulipoulizwa, ukakaa kikaoni, ukatusemea. Watoto wa hapa wangepata chanjo."

"Wallahi nilitamani. Lakini ingejulikana. Wangesema boti imepita kwa ajili ya mke wa daktari, na wasingeisikiliza tena."

Thuwaiba aliyatazama makasha yaliyoanikwa ukutani, matupu. Maelezo hayakuirudisha boti, na yeye alilijua hilo. Lakini mtu aliyesimama mbele yake hakuwa yule aliyemkasirikia.

"Watakaa tena lini?"

"Mwezi wa tatu. Wameomba kumsikia mchanjaji mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitatoka tena."

Thuwaiba akafuta mikono kwa leso.

"Baada ya swala nenda kwa baba, useme naye. Na siku hiyo ya kikao, ukitoka usiufunge mlango. Mimi n'takuwa naingia."