Picha ya Shimo la Makuti

Kila asubuhi Zulekha alifagia ua, akayageuza makuti ambayo mama yake aliyaloweka shimoni yalainike kabla ya kusukwa, ndipo akaenda shule. Tangu mvua kubwa za mwaka ule, shimo lilijaa hadi ukingoni. Sasa mama hakuwepo. Alikuwa hospitalini Msambweni na Farhan, kitindamimba wao, aliyeshikwa na malaria kwa mara ya pili. Bibi alikuwa amefyeka nyasi zote, lakini mbu walizidi.

Siku hiyo Mwalimu Christabel alifuta ubao, akawaketisha wanafunzi mbalimbali wasiigane, akawaambia wachore mbu anavyozaliwa na kukua.

"Sitaki picha nzuri," alisema. "Nataka iliyo kichwani mwako."

Juma lililopita Zulekha alipata alama zote kwa picha ya mbu aliyoiiga kwa Esha, jirani yake wa dawati. Safari hii alichora ua wao: mbu wakizaliwa nyasini, na shimoni vijidudu vyenye mikia vikijinyonganyonga, chura akivilinda.

Mwero, mvulana wa dawati la nyuma, alichungulia, akacheka. "Chura wa kwao ana ukoo mkubwa, mwalimu."

Mwalimu hakucheka. Aliuliza vijidudu vile ni nini.

"Watoto wa chura, mwalimu. Wamejaa shimo letu."

"Na picha yako ya kwanza?"

Zulekha aliinama. "Niliiga ya Esha."

Jioni mwalimu alifuatana naye nyumbani. Baada ya kuamkuana na bibi, alichota maji ya shimo yenye vijidudu vile kwa chupa na kuifunika kwa kipande cha leso. Siku chache baadaye, chini ya leso ile, mbu walikuwa wakirukaruka. Zulekha aliwatazama, kisha akageukia nyumba. Dirisha la chumba alimolala Farhan lilielekea shimoni.

Yeye na bibi walilikausha shimo, wakalifukia. Bibi alisema makuti yatalowekwa pwani, kwenye maji ya chumvi.

Mama alirudi na Farhan mgongoni. Mtoto alikuwa amepona, lakini miguu iliyokuwa ikikimbia ua mzima haikuweza hata kusimama. Zulekha alimpokea, akashtuka kwa wepesi wake, akalia.

Mwalimu Christabel, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alimshika Zulekha bega.

"Hukujua, mwanangu, na kutojua si dhambi. Lakini picha ya kuiga ilinificha ugonjwa wako wewe, yaani lile usilolijua. Daktari humtibu anayesema panapomuuma. Mwalimu naye ni vivyo hivyo: nionyeshe unapokosea, nami nitakusaidia mapema."