Kigari Kisicho na Tabo

Nilisikia mtoto anavuta pumzi.

Si kulia, si kukohoa. Kuvuta tu. Hhhuuup... halafu kimya... halafu tena, hhhuuup... kama mtoto anayenyonya akasahau kupumua kisha akakumbuka. Nikapapasa gizani nimguse mwanangu Ibtihal. Mkono ukamkuta pale pale ubavuni mwangu, mdomo wazi, na kifua chake hakitikisiki.

Sauti ilikuwa inatoka uani. Kwenye gari.

Nikamnyanyua, nikampuliza usoni, akashtuka, akavuta hewa, akalia. Kule nje kukawa kimya. Mume wangu Nawaf akageukia ukutani, akasema, "Mnyonyeshe basi," akaendelea kulala. Ufunguo wa gari ulikuwa unaning'inia msumarini, nauona kwa macho yangu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikienda hivi nitaonekana nimechanganyikiwa.

Sisi tunakaa Bagamoyo, mji mkongwe, nyumbani kwa mama mkwe wangu Bi Kulthum. Ukoo wao ni watu wa biashara tangu mababu zao walipotoka Omani, na biashara ya Nawaf ni kamba. Anawanunua Mlingotini wabichi, anawalaza kwenye barafu, anawakimbiza mahotelini kule Kunduchi na Mbezi. Kwenye kamba anayefika wa kwanza ndiye anayeuza, wa pili anabembeleza. Na Nawaf alikuwa wa pili siku zote. Kigari chake kidogo, injini ndogo, hakina tabo, ile feni inayosukumia hewa kwenye injini ili ipate nguvu. Mwenzake Husseni analo lenye tabo. Basi huyo Husseni akitaka kumpita barabarani hupunguza kwanza, anashusha kioo.

"Baba Ibti, nikusukume? Au niwasalimie tu wapishi?"

Ikawa ndiyo maradhi yake. Kununua gari jingine hana uwezo, akaamua kuliongezea nguvu lile lile kwa gharama ya mtu wa chini, anatazama video kwenye simu mpaka simu inamwangukia usoni. Akang'oa kiti cha nyuma na tairi la akiba, gari liwe jepesi. Akabadilisha plagi. Akatia oili nyepesi, akatafuta rimu nyepesi za mtumba. Akachomelea bomba pana la moshi, mtaa mzima ukawa unajua anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Bi Kulthum akamwambia, "Mwanangu, kelele umeongeza. Mwendo je?"

Mwendo uliongezeka kidogo, sikatai. Husseni bado alimpita.

Ndipo akampata fundi Mwishehe, mtu wa kutokea Mkange kwa maneno yake mwenyewe, kajenga kibanda cha mabati kwenye njia inayokata kwenda Mlingotini. Siku aliyotoka kwake Nawaf aliingia jikoni macho yanawaka.

"Mama Ibti, yule anajua kazi. Kaniambia gari lisilo na tabo halina wa kulisukumia hewa, lazima livute lenyewe. Basi tulifungulie njia ya kuvuta. Lile chujio la hewa la dukani katupa, kanitengenezea lake la kitambaa."

"Kwa bei gani?"

"Hajataka kitu. Kaniambia nimletee kitambaa tu cha nyumbani. Kilaini, kilichofuliwa sana."

Nilikuwa nakaanga samaki, mafuta yananirukia. Sikuuliza kitambaa gani.

Kesho yake Husseni aliachwa.

Aliachwa na keshokutwa yake pia, na Nawaf akawa anaimba bafuni. Na wiki hiyo hiyo Ibtihal akaanza kukatika pumzi. Ilikuwa ikimjia alasiri, baba yake akishaondoka kwenda mjini. Anacheza vizuri, mara midomo inabadilika rangi, macho yanatoka, anavuta na hewa haiingii, kisha inamwachia. Zahanati wakampima, wakasema kifua kisafi. Bi Kulthum akamfukiza ubani, akamsomea. Mimi nikasema labda ni pumu. Mpaka usiku ule niliposikia pumzi yake inatoka uani.

Kesho yake jua linakwenda kutua, Bi Kulthum akanituma nimpelekee mzazi uji wa pilipili manga. Sihaba, binamu yake Nawaf, alikuwa kajifungua Mlingotini, na Nawaf alikuwa anakwenda huko huko kufuata kamba wake. Nikatafuta mbeleko nimbebee mtoto. Siioni. Na ile mbeleko si kitu cha kupotea hivi hivi. Ni khanga kuukuu ya Bi Kulthum, ndiyo aliyombebea Nawaf, mwanawe wa pekee, akaja kunipa mimi siku ya arobaini ya Ibtihal. Akanifunga mgongoni kwa mikono yake na akaniambia, "Hii haiazimwi, mwanangu. Wala haitoki nje ya nyumba bila mtoto ndani yake."

Nawaf akapiga honi. Nikachukua khanga nyingine, nikatoka.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu. Si ya kamba, hiyo nimeizoea. Harufu ya utosi wa mtoto na maziwa yaliyochacha, inatoka kwenye matundu ya upepo. Nikamnusa Ibtihal mapajani mwangu. Haikuwa kwake.

Tukatoka mjini. Barabara ikanyooka. Nawaf akakanyaga mafuta.

Hhhuuup...

Kule mbele, chini ya boneti. Na mapajani mwangu mdomo wa mwanangu ukafunguka, na hakuna kilichoingia.

"Nawaf, punguza."

"Mwendo gani huu? Tunatambaa."

"Punguza nakwambia. Mtazame mwanao."

Akamtazama. Akainua mguu. Ibtihal akavuta hewa, akapiga chafya, akanishika kidevu. Akakanyaga tena, kidogo tu, kama mtu anayegusa kidonda kuona kama kinauma.

Midomo ikawa ya buluu.

Akasimamisha gari pembeni, akazima. Kwa mbali msikiti mmoja ulikuwa unaadhini magharibi.

"Kitambaa gani ulimpa fundi?"

"Kile... kilikuwa nyuma ya mlango. Kikuukuu. Nilidhani unadekia."

Nikashuka, nikafungua boneti mwenyewe. Mbeleko ya Bi Kulthum ilikuwa imezungushwa kwenye mdomo wa bomba la hewa, na haikukazwa kwa waya wala mkanda wa chuma. Ilikuwa imefungwa fundo la kifuani, lile tunalofunga sisi wanawake tukibeba. Imelowa. Na injini imezimwa, ufunguo uko mkononi mwa Nawaf, lakini kitambaa kilikuwa kinaingia... kinatoka... kinaingia...

Nawaf akanyoosha mkono akivute. Ibtihal akapinda mgongo kama upinde.

"Achia," nikamwambia. "Achia, Nawaf, achia."

Akaachia.

Hakuthubutu kuliwasha tena. Akakisukuma kigari chake mwenyewe mpaka kwa fundi, bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, mimi nyuma na mtoto. Husseni akatokea, akapunguza, akashusha kioo. "Si nilikwambia utataka kusukumwa?" Akatuangalia usoni mmoja mmoja, akapandisha kioo, akaenda zake.

Kibanda cha Mwishehe hakikuwa na taa. Alikuwa kasimama mlangoni kama mtu aliyeambiwa tunakuja. Kijana tu, si mtu mzima. Mikono yake misafi, kucha nyeupe. Fundi wa magari.

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Karibuni."

Salamu hakuipokea.

Ndani sikuona spana wala jeki, wala kusikia harufu ya oili. Ukutani kulikuwa kumetundikwa nguo. Kofia ya kufuma. Sweta la mwanafunzi. Shuka la mtoto lenye maua. Kila moja ilikuwa inapepea kidogo, na upepo haukuwepo.

"Kitoe," Nawaf akasema kwa sauti ndogo.

"Ulitaka mwendo. Umepata."

"Sikujua."

"Nilikwambia lazima livute lenyewe. Peke yake haliwezi. Nimelitafutia mwenzake."

"Baba, nitolee mwanangu," nikamwambia. "Kitu kingine sitaki."

Ndiyo mara ya kwanza akanitazama. "Mimi sitoi. Mbeleko hufunguliwa na aliyemfunga mtoto. Wewe. Lakini injini iwe inaunguruma. Ikilala, imeshika."

Akainama juu ya injini, akakinusa kitambaa taratibu, macho amefumba.

"Kimebeba wawili hiki," akasema. Akamgeukia Nawaf. "Akitoka mmoja..."

Hakumalizia. Mimi sikumwelewa, nilikuwa na yangu. Nawaf alimwelewa.

Nikamfunga Ibtihal mgongoni kwa ile khanga nyingine ili mikono ibaki huru. Nawaf akaingia, akawasha. Ukiwa unamshusha mtoto mgongoni unainama mbele alale sawasawa mgongoni, mkono mmoja unamshikilia kwa nyuma, mwingine unafungua fundo, na unasema bismillahi. Kila siku nafanya hivyo wala sifikiri. Nikainama vile vile ndani ya boneti, mkono mmoja nyuma kwenye makalio ya mwanangu, mwingine kwenye moto wa injini.

Simwoni usoni. Namsikia tu kwa mgongo. Alipiga teke... akapiga teke... akaacha.

Fundo lilikuwa limelowa, limekaza. Kitambaa kikanivuta vidole kama mdomo. Kikaninyonya. Nikasema bismillahi, nikasema tena, ukucha ukakatika, na mgongoni mwangu ilikuwa kama nimebeba gunia la unga. Sikumbuki nilisema nini kingine. Nakumbuka fundo likateleza. Likafunguka.

Kimya.

Kisha mkojo wa moto ukanishuka kiunoni, na Ibtihal akalia. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtoto kama ule.

Niliponyanyuka, mbeleko haikuwa tena mkononi mwangu. Nawaf alikuwa ameshuka, ameishika yeye, anaizungusha kwenye lile bomba. Anafunga fundo la kifuani. Sijui alilijulia wapi, nadhani alikuwa akiniangalia nikifunga, siku zote, na mimi nikidhani anaangalia simu.

"Nawaf, unafanya nini?"

Injini ikavuta. Hhhuuup. Nawaf akashika kifua.

Mwishehe akaegemea ndani, akazima, akachukua ufunguo. "Gari linabaki," akasema. "Nyinyi nendeni kwa miguu. Taratibu, shemeji. Mpumzishe njiani."

Tuliporudi asubuhi na ndugu zake Nawaf, tukiwaambia tumedhulumiwa gari, kibanda hakikuwepo. Ardhi ilikuwa safi. Bila hata tone la oili. Wauza maduka wa pale walisema hapo hapajawahi kuwa na fundi, na mmoja akasema alikuwepo, ila aliondoka mwaka juzi.

Ibtihal sasa anatembea. Mzima, mnene, hana hata mafua.

Nawaf siku hizi anauza kamba sokoni, amekaa kwenye stuli. Kuna wakati katikati ya maneno anakatika, anashika fremu ya mlango, na mimi najua pale pale kuna mtu mahali anakanyaga mafuta. Gari liko wapi sijui. Pumzi ikikatika fupifupi, nasema liko mjini. Ikiwa ndefu, isiyokwisha, nasema liko njia ya Chalinze, limenyooka. Likipanda mlima anapiga magoti.

Wakampima, kifua kisafi.

Bi Kulthum ananitazama. Mbeleko ameiulizia, nikamwambia panya. Juzi alikaa kitandani kwa mwanawe usiku wote, anampepea, halafu akaja jikoni akanishika mkono, akasema, "Ghalia mwanangu, kuna jambo mnanificha. Nimemzaa mmoja tu. Niambie nifanye nini, nitalifanya."

Na liko la kufanya. Nawaf hakufungwa na mimi mgongoni, alifungwa na mama yake. Yeye ndiye anayeweza kumfungua. Tungelitafuta gari hilo tukalipata, Bi Kulthum angeinama, aseme bismillahi, na mwanawe angepumua.

Nikamwambia Nawaf nataka kumwambia mama.

Alikuwa amelala chali, Ibtihal kamkalia tumboni anamvuta ndevu. Akangoja pumzi imrudie.

"Kimebeba wawili," akasema. "Lazima kimshike mmoja. Mama akinitoa mimi, kitamshika nani?"

"Mama hawezi..."

"Ana mtoto mmoja, Ghalia. Wewe ulipoinama pale, ulimfikiria nani mwingine?"

Akachukua mkono wangu akauweka kichwani kwa Ibtihal, kwenye utosi, pale panapodunda. Akanitaka niahidi sitamwambia mama.

Nyie hamumjui Bi Kulthum, wala hamtakutana naye, ndiyo maana nimeyatoa hapa, maana yalikuwa yananiua. Lakini nimeshaweka ahadi, na mkono wangu ulikuwa kichwani kwa mwanangu. Simwambii mtu mwingine.