Diploma ya Zakiya

Siku mbili kabla ya Idi, katika msongamano wa Biashara Street, Khubaib alikanyaga buibui la Zakiya mbele ya duka la leso. Pindo likachanika.

"Huna macho, wewe?"

"Ninayo, lakini yalikuwa usoni pako."

"Basi yaondoe. Na mguu pia!"

Ndivyo walivyoanza. Zakiya, binti wa mtaa wa Kuze, alikuwa ameshona kwa shangazi yake miaka tisa. Khubaib, kijana wa mashati yaliyonyooshwa pasi, alikuwa na chumba cha kompyuta karibu na mtaa wa Buxton, akiwajazia watu maombi ya kazi. Baada ya miezi minne ya simu na utani, akamwambia:

"Habibti, siku hizi waajiri hutafuta watu mtandaoni. Nipe picha za kazi zako, nikutengenezee profaili."

Zakiya akampa picha za magauni ya maharusi. Kilichoandikwa hakukisoma, alimwamini.

Kampuni moja ya sare za hoteli ikamwita. Akaenda amejifukiza udi, buibui lina tarizi za fedha mikononi. Msimamizi, Bi Everlyne, akamgeuzia kompyuta.

"Hii diploma ya ubunifu wa mavazi uliipata mwaka gani?"

Zakiya akaisoma skrini. "Sina diploma."

"Basi umetupotezea wakati. Mlango ule."

Barabarani akapiga simu.

"Khubaib, nani alikwambia nina diploma?"

"Roho yangu, kila mtu huongeza kidogo. Bila hiyo wasingekuita."

"Wamenifukuza kama mwizi!"

"Nilitaka wakuone wa maana."

"Kumbe wewe huoni kama nina maana! Mpende basi huyo mwenye diploma!"

Akakata. Kwa siku kumi hakupokea simu yake hata moja. Halua aliyotumiwa akairudisha na sahani yake. Kwa hasira hizo hizo akafuta profaili nzima, akaandika mwenyewe: "Sikusoma chuo. Nimeshonea maharusi mia mbili, na hakuna gauni lililorudishwa."

Bi Everlyne akampigia.

"Kuna kijana amekuja kukiri kwamba uongo ule ni wake. Naye nimemfukuza. Lakini nimesoma ulichoandika sasa. Njoo Jumatatu, ukate kitambaa nikiona."

Alasiri hiyo Khubaib alibisha hodi Kuze, shati limekunjamana.

"Zakiya, nisamehe. Niruhusu nilete wazee wangu kuposa."

"Watu wangapi umewaandikia uongo?"

"Wengi."

"Warekebishie wote, uwaombe radhi mmoja mmoja. Ukimaliza, lete wazee."

"Nitakosa wateja, Zakiya. Na itachukua mwezi mzima."

"Basi anza leo."

"Nianze na profaili ya nani?"

"Yako."

Khubaib akainamisha kichwa. Zakiya, ambaye alikuwa amekisia tu kwamba hata yake ina uongo, akamfungia mlango usoni. Hasira zilimpanda upya, na bado akatamani mwezi uishe.