Vipimo vya Marehemu

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofunika cherehani, akalikunja joho jeupe ndani ya gazeti na kushika njia ya kanisani. Kazi ya dakika kumi: mteja alivae kwa kulijaribu, yeye aangalie upindo, arudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Mteja alikuwa mke wa mwashi. Wanakwaya walimwita Debe, na mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, maana sauti yake kweli ilikuwa ya debe linaloburutwa kwenye kokoto. Walimweka safu ya nyuma. Kisha likaja juma la uamsho. Siku saba mchungaji alihubiri kwamba mtu anaweza kumvua yule wa zamani kama nguo chafu na kumvaa mpya. Siku ya nne Debe alikwenda mbele, akapiga magoti, akalia mpaka kamasi. Alipoinuka, aliimba. Haikuwa sauti tamu sana, lakini ilikuwa wazi, kama dirisha lililofunguliwa baada ya miaka mingi. Wakampa nafasi ya kuongoza kwaya.

Nafasi ile ilikuwa ya mke wa Fundi, aliyekuwa na miezi tisa kaburini.

Miezi tisa hiyo Fundi aliomba kitu kimoja tu: dalili. Hata ndoto. Hakupewa. Mchungaji alipowaita wenye kutaka kufanywa upya, yeye alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akimtazama Debe aking'aa. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yaani anyang'anywe yeye, apewe Debe?

Kwa desturi ya kanisa lile, waliofanywa upya walivikwa joho jipya Jumapili, na nguo ya zamani ikakunjwa na kuachwa kwenye ngazi ya madhabahu. Fundi ndiye aliyeshona. Alimpima Debe vizuri, akaandika kwenye daftari. Halafu, akiwa peke yake, akafungua ukurasa wa marehemu na kukata kitambaa kwa vipimo vile. Marehemu alikuwa mrefu, kiuno cha nyigu. Debe alikuwa mfupi, amejazia. Angeinua mikono tu mbele ya watu, mishono yote ingeachia. Hilo ndilo alilolitaka, na alijua kwamba analitaka.

Aliyemfundisha ushonaji alimwonya zamani: mteja akifa, chana ukurasa wake siku hiyo hiyo. Usimshonee mwingine kwa kipimo chake, maana nguo humtafuta mwenyewe. Fundi alikuwa amechana kurasa za wateja wengi. Huu mmoja hakuuweza.

Chumba cha kwaya kilinuka nta na vitabu vya zamani. Debe alimpokea kwa utani kwamba joho likimbana, kosa litakuwa la sahani yake, si la mkasi wa Fundi. Akapita nyuma ya pazia.

Fundi akatega sikio.

Alingoja mlio wa uzi kukatika... Hakuusikia. Kitambaa kilichakarika kidogo, kikanyamaza. Kisha ikaja harufu.

Karafuu.

Mkewe alikuwa akitafuna karafuu kabla ya kuimba, kulainisha koo. Debe hakuwahi.

Pazia likasogea. Upindo uliishia kwenye vifundo vya miguu, pale pale panapotakiwa. Kiuno kilikaa. Na macho yaliyomtazama yalikuwa usawa wa macho yake, wakati Debe, siku zote, alimfikia begani.

"Bwana Pini," alinong'ona kwa sauti ya marehemu.

Jina lile alilijua mtu mmoja tu. Mkewe ndiye aliyempa, kwa sababu ya pini ambazo Fundi alizibana midomoni akiwa kazini.

"Bwana Pini... vipimo vyangu umempa mwanamke mwingine?"

Maneno hayo mkewe alikuwa akimtania nayo kila alipompima mteja mrembo. Wakati ule alikuwa akicheka.

Mkono wa Fundi ulikuwa mfukoni, kwenye mkasi. Mshono mmoja wa begani ukifumuliwa, joho lote lingeachia. Alijua. Alijua pia kwamba angekuwa anaikata sauti ile.

Akautoa mkono mtupu.

Debe akapepesa macho, na sauti ya debe ikarudi. "Fundi, mbona umekauka kama kuni? Limenikaa au halijanikaa?"

"Limekukaa," alisema. "Usilivue."

Jumapili Debe aliimba, na watu wazima walilia. Mama mmoja alisema ni kama marehemu amerudi. Nguo ya zamani ya Debe ilikuwa imekunjwa kwenye ngazi, ndogo, kama ya mtoto. Fundi alisubiri atazamwe. Hakutazamwa. Ibada ilipokwisha, yule mwanamke alitoka na mwashi, kichwa amekiegemeza kwenye bega lake la kushoto, vile vile marehemu alivyokuwa akimwegemea Fundi.

Fundi alikuwa amemrudisha mkewe duniani, akamwoza kwa mwanamume mwingine.

Jumatano jioni mwashi alikuja dukani, saruji bado iko kwenye kucha. Alieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuchekwa. Tangu Jumapili mkewe halivui lile joho, hata kitandani. Nyumba nzima inanuka karafuu. Anamtazama yeye kama mpangaji.

"Leo asubuhi ameniuliza yule mwanamke wangu alikwenda wapi."

Fundi alikunja kitambaa kilichokuwa mezani.

"Sauti ni nzuri, sikatai," mwashi alisema. "Lakini nilikuwa na mke aliyepata furaha, Fundi. Alikuwa akiimba vibaya jikoni, nami nasikia raha. Huyo ndiye ninayemtaka. Huwezi kulifumua?"

Fundi aliliangalia lile bega la kushoto.

"Mwache," alisema. "Mtu akifanywa upya, nyumba huchukua muda kumzoea."

Mwashi alishukuru, akaenda zake. Alishukuru kabisa. Shukrani ile ndiyo iliyomfanya Fundi afungue daftari.

Ukurasa wa Debe ulikuwa mweupe. Hata alama ya kalamu haikuwepo. Ukurasa wa marehemu ulikuwa vile vile, kila tarakimu mahali pake. Akakamata pembe yake ili auchane. Vidole vikakataa.

Ndipo alipouona ukurasa uliofuata.

Mwandiko ulikuwa wa mkewe, herufi zilizolalia kushoto. Juu: Bwana Pini. Chini yake hapakuwa na kifua, wala kiuno, wala mikono. Vipimo vilikuwa viwili tu. Urefu, na upana wa mabega.

Miezi tisa iliyopita, kando ya kitanda cha mkewe, seremala wa jeneza naye alichukua viwili tu.

Fundi akagusa karatasi. Wino ulikuwa bado mbichi; ukamshika kidoleni.