Koti Juu ya Sare

Joto la siku ile halikuwa na huruma, na ukumbi wa uhakiki wa wastaafu ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Watu walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake mapajani, wakisogea kidogo kidogo kuelekea dirishani ambako serikali ilitaka kujua kama bado wako hai. Wanaume walikuwa wamefungua vifungo vya mashati. Wanawake walijipepea kwa vyeti. Mtu mmoja tu alivaa koti, tena koti zito la rangi ya udongo, zipu imepandishwa mpaka chini ya kidevu, jasho linamtiririka shingoni.

"Samahani, baba," akasema mama aliyekaa pembeni yake. "Una homa?"

"Sina homa, mama."

"Basi koti hilo unamkomoa nani?"

Benchi la mbele likageuka, likacheka. Naye akacheka, angefanyaje? Akamtazama vizuri huyo mchokozi. Mama wa makamo, gauni la bluu la maua madogo meupe, kilemba kimefungwa kwa madaha, raba nyeupe pee miguuni.

"Usinishangae," mama akasema. "Mimi ni mkunga mstaafu. Nikiona mtu anatoka jasho hivyo, mkono unaniwasha kumpima mapigo."

"Pima basi," neno likamponyoka.

"Ala! Kumbe Bwana Koti na maneno unayo!"

Jina likamganda hapo hapo. Huko kwingine watu walimwita Mizani, kwa kuwa miaka thelathini na kitu alikuwa afisa wa vipimo, yule anayeingia sokoni na sanduku la mawe ya shaba, anapima mizani za watu, ya kweli anaibandika stika, ya uongo anaifungia. Wauza nyama walimwogopa. Rushwa hakuwahi kula, hata ya soda. Na hilo ndilo lililomtesa chini ya lile koti, maana ndani alikuwa amevaa sare ya kazi, imepigwa pasi, beji kifuani. Alikuwa ametoroka ofisini kwa saa mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Alistaafu, akaanza kulipwa pensheni, akakaa nyumbani miezi minane hajui aanzie wapi siku yake. Kisha ofisi ikamwita tena kwa mkataba, kwani hakubaki mtu anayejua kurekebisha mizani kubwa za malori. Barua ya ajira ilisema wazi: waarifu watu wa pensheni, malipo yasimame mpaka mkataba uishe. Akaitia barua kwenye droo. Mwisho wa mwezi pensheni ikaingia, mshahara nao ukaingia. Akasema, nitakwenda mwezi ujao. Basi bwana, akaendelea kusema hivyo zaidi ya miaka miwili.

Fomu zikagawiwa. Akajipapasa mifukoni, lo, miwani ameisahau juu ya meza kazini.

"Lete," Mkunga akasema, akavaa yake. "Nitakusomea. Hali ya ndoa?"

"Mgane. Huu mwaka wa sita."

"Pole, baba. Mimi mjane, wa tisa." Akaandika. "Watoto wanaokutegemea?"

"Wote wameshaota ndevu."

"Hongera. Umeajiriwa tena katika utumishi wa umma? Ndiyo au hapana?"

Akainamia viatu vyake. Aliona kama kila mtu ukumbini anaiona ile beji.

"Hapana," akasema.

Mkunga akatia tiki kubwa, safi, kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akampa aweke sahihi.

"Na fomu yako iko wapi?" Mizani akamuuliza.

"Mimi sina fomu, baba. Nimekuja kuuliza jalada langu la pensheni. Mwaka wa nne huu linatafutwa." Alisema huku akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Waliachana wakiwa wamepeana namba za simu. Jioni ile ile simu ikalia.

"Bwana Koti, umeshalivua?"

"Nimelivua, bibie."

"Umekula?"

"Nimekula, ila peke yangu."

"Maskini! Sasa hiyo ni taarifa au ni ombi?"

"Ni ombi."

Jumapili wakakutana kwenye bustani ya mjini, yeye na shati jeupe, mama na gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Mkunga alimshika kifundo cha mkono, akaangalia saa, akahesabu kimya.

"Yanakwenda mbio," akasema.

"Kosa lako."

Walipendana kama watu waliokwisha kukata tamaa na jambo hilo, kwa haraka na kwa haya nyingi. Kila Jumapili bustanini, kila jioni simuni. Shida ilikuwa asubuhi. Mkunga akipiga saa nne, sauti inayopokea ni ya mtu aliyejificha.

"Mbona unanong'ona, mpenzi?"

"Nipo... nipo mahali."

"Mahali gani?"

"Nitakupigia jioni." Kata.

Mara ya kwanza Mkunga aliyapuuza. Mara ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Niambie ukweli. Una mke ndani?"

"Sina mke, naapa!"

"Mgane gani ana sauti mbili, moja ya mchana na moja ya jioni? Mimi si mtoto. Usinipigie tena!"

Wiki nzima Mkunga hakupokea simu. Na jamani, sentensi moja tu ingemaliza ugomvi: niko kazini. Mizani aliizungusha kinywani kila siku, ikamshinda kutoka. Bora anione mhuni, aliwaza, kuliko anione mwizi. Akajionea aibu kwa kuwaza hivyo, na bado hakuiandika hata kwa ujumbe.

Jumanne iliyofuata, orodha ya kazi ikampeleka kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi, kukagua mizani ya watoto wachanga. Aliingia na sare yake kamili na sanduku la mawe mkononi. Daktari mwenye zahanati akaita kwa sauti: "Mkunga! Afisa wa vipimo amefika!"

Aliyetoka chumba cha ndani, aproni kiunoni na raba nyeupe miguuni, alikuwa yeye.

Mkunga alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha uso wote ukachangamka, akapiga makofi.

"Kumbe kazi! Kumbe ni kazi tu, bwana we! Mwenzio nimelia wiki nzima nikidhani una..."

Akakomea hapo. Macho yalikuwa yametua kwenye beji, na mikono yake ikashuka.

"Hii kazi ni ya serikali," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu unaingia."

"Na ile fomu, tiki aliitia nani?"

"Wewe."

"Kwa kalamu ya nani?"

"Yako."

Mkunga akashika ukingo wa meza. "Ulikuwa na shida? Mgonjwa? Deni? Niambie kitu nikuelewe."

"Sikuwa na shida. Ningekuwa na shida ningekuwa na la kujitetea. Ziliingia mbili, nikanyamaza. Basi."

"Mimi nimepokea watoto wa watu miaka thelathini na moja. Pensheni yangu sijaiona hata mwezi mmoja, ndiyo maana unanikuta nimesimama hapa na miguu imevimba. Wewe unazo mbili. Sikuonei wivu, Mungu ananiona. Lakini kunichukua mkono wangu ukautumia kuandika uongo wako! Mimi niliyekuwa nakuonea huruma kwa joto!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni. "Haya, afisa. Pima mizani. Kina mama wanasubiri."

Akapima. Jiwe la shaba likagonga sinia. Mizani ilikuwa sahihi, haikupungua hata gramu. Akabandika stika, akashukuru, akafunga sanduku lake. Njia nzima ya kurudi ofisini alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya tatu akaandika ujumbe: "Kesho saa tatu naenda kusahihisha ile tiki. Sitaki ibaki na mkono wako." Hakujibiwa.

Kesho yake akaingia ukumbini na sare, bila koti. Hajakaa vizuri, mzee mmoja waliyestaafu pamoja akapaza sauti kutoka benchi la pili.

"Mizani! Sare ya nini tena huku? Bado uko kazini?"

"Niko kazini."

"Na pensheni unachukua?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Angeweza kujibu chinichini, au kucheka na kuyapitisha. Akasimama.

"Nachukua zote mbili. Nimekuja kusema."

Mtu akasonya. Mama mmoja akasema, "Sisi wengine tunazungushwa hapa kila mwezi, kumbe kuna wanaokula mara mbili!" Mizani akakaa, masikio yanawaka, macho sakafuni, mpaka zamu yake ilipofika.

Karani wa dirishani, dada mwenye sauti kavu, hakumpigia kelele wala hakumpongeza. "Pensheni inasimama leo. Ulichukua miezi ishirini na sita, utakatwa kwenye mshahara miezi ishirini na sita. Mwajiri wako ataandikiwa, wakikufukuza ni wao. Jaza fomu mpya."

"Nimeelewa, dada."

Akarudi kwenye benchi na fomu. Miwani safari hii alikuwa nayo, akaitoa mfukoni.

"Lete."

Akainua kichwa. Gauni la bluu la maua meupe. Raba nyeupe pee.

"Leo miwani ninayo," akasema.

"Naiona, na ya dirishani nimeyasikia. Nimesema lete." Mkunga akaketi, akatoa kalamu ile ile. "Umeajiriwa tena katika utumishi wa umma?"

"Ndiyo."

"Sijasikia."

"Ndiyo!"

Akatia tiki, akaikoleza. Akamsomea mengine yote, akajaza, kisha akarudi juu. "Nimeruka moja. Hali ya ndoa?"

"Hiyo iache wazi, tafadhali."

"Kwa nini?"

"Nataka..." Akairudisha miwani mfukoni. "Nataka kukuomba uijaze wewe, upendavyo. Najua sistahili."

Mkunga akaandika, kwa herufi kubwa: MGANE.

Mizani akaitikia kwa kichwa, maana hukumu aliiona ni ya haki.

"Mkono huu hauandiki uongo mwingine," Mkunga akasema. "Leo wewe ni mgane. Uhakiki mwingine ni lini?"

"Mwakani."

"Basi mwakani nitakuja kukusomea tena. Tukifika hapo tutaandika kilicho kweli siku hiyo. Na utakuwa bado unakatwa mshahara, basi tutakula kidogo."

Mizani akaweka sahihi, ikaenda upande.

"Twende sasa tukaulize jalada langu," Mkunga akasema. Lakini hakuinuka. Alimshika kifundo cha mkono, akaangalia saa, akahesabu.

"Yanakwenda mbio," akasema, na hakumwachia.