Bado Ana Joto

Jua lilikuwa linazama muuguzi alipotoka zamu, akanunua mkate, akapitia kwa kaka yake kumchukua mama. Mkobani alikuwa na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachohesabu mapigo ya moyo. Alikiazima wodini. Leo ubishi ungekwisha: kaka azikwe, mama arudi nyumbani akale.

Kaka mtu alikuwa mpenda kutafakari tangu ujana, miguu kaikunja, macho kayafumba. Walimtania kwamba analala kistaarabu. Wiki iliyopita alikaa hivyo, hakuinuka tena. Mwalimu wake wa kutafakari akaonya asiguswe wala asizikwe: kifua kikiwa na joto, uso ukiwa laini, harufu isipotoka, basi bado yumo safarini, roho haijamtoka.

"Hizo ni ishara, si ushahidi," muuguzi alimjibu siku ile.

Sasa alimkuta mama mkekani, ameushika mkono wa mwanawe kama siku zote hizo.

"Bado ana joto," mama alinong'ona. "Siwezi kumwacha."

Kulikuwa na harufu... tamu, nzito. Muuguzi aliijua. Ilimuuma, lakini ilimpa nafuu pia, maana ishara moja ilikuwa imeshaanguka. Akaweka kiganja puani mwa kaka. Hakuna pumzi. Akakibana kifaa kidoleni mwake.

Kikawaka. Mapigo sabini na mbili.

"Kimeharibika hiki. Mama, hebu lete kidole tujaribu."

Kwa mama hakikusoma kitu. Vidole vya baridi hukidanganya, kila muuguzi anajua hilo. Akavisugua, akavipulizia, akabana tena.

Hakuna.

Akatoa stetoskopu, akaiweka kifuani kwa mama, akasikiliza... Kimya. Na hapo, karibu na shingo ya mama, ile harufu ikamjaa puani. Kaka alikuwa ananukia sabuni.

"Mama," muuguzi aliuliza. "Umefanya nini?"

"Aliniambia anaona baridi, mwanangu. Ningemnyima joto langu?"

Muuguzi akaukamata ule mkono, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukaachia. Mama akaanguka kiubavu bila hata kuguna, uso umemvimba kama wa mtu aliyekufa siku nyingi. Muuguzi alilia. Alikuja kumwokoa mama, na mama hakuwepo tena wa kuokolewa.

Kisha vidole vya joto vikajifumba juu ya vyake.

Havikumbana. Angeweza kujitoa.

"Dada..." midomo ya kaka haikutikisika. "Naona baridi."

Simu ikaita. Akaipokea kwa mkono uliobaki.

"Mama watoto, giza limeingia," alisema mumewe. "Watoto wanakuulizia. Mnakuja na mama?"

Alimtazama kaka yake, wa pekee aliyembakia wa tumbo la mama yao. Mapigo yalikuwepo, aliyasikia chini ya ngozi. Vidole vyake mwenyewe vilianza kufa ganzi, kimoja kimoja.

"Bado ana joto," alinong'ona. "Siwezi kumwacha."