Kete za Kijani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Dorika alimfunga rafiki yake Kristina bao. Walichezea kwenye jabali nyuma ya nyumba ya kina Dorika, pale kijijini Issuna, katika vishimo vilivyochongwa na watu ambao hata bibi yake hakuwajua. Kete zao zilikuwa vijiwe vya kijani alivyookota Dorika korongoni, akavisugua kwa mafuta ya alizeti mpaka vikang'aa.

Jumatatu ile kete hazikuwepo.

"Umezificha," Kristina alimtania. "Umechoka kunishinda, au leo umeota unafungwa?"

"Nikufiche wewe kitu gani? Nimeibiwa."

Miaka ile serikali ilikuwa imeyafungulia makampuni milango, na kampuni moja ilipiga kambi kijijini kutafuta shaba. Haikuwa ya kwanza kuja. Bibi alisimulia kwamba Wajerumani walichimba shimo korongoni wakaliacha. Baada ya uhuru wakaja wataalamu wa serikali, wakapima, nao wakaondoka. Safari hii wanaume wa kijiji, akiwemo Stefano, baba yake Dorika, walipewa kazi ya kuchimba mtaro ili mwamba uonekane. Msimamizi wao alikuwa Gabrieli, mdogo wake Stefano. Lakini mtaro ulitoa udongo mwekundu tu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba kambi itafungwa.

Mchana Dorika alipeleka chakula mtaroni, akakuta watu wanashangilia. Bwana Mughwai, mtaalamu wa miamba, alikuwa amechuchumaa, jiwe la kijani mkononi.

"Shaba ikipigwa na maji na hewa hugeuka rangi hii," alisema. "Tutaleta mashine ya kuchoronga, itoboe mwamba hapa hapa."

Dorika aliliona lile jiwe. Lilikuwa na mstari mweupe ubavuni. Alilijua kama anavyojua vidole vyake.

"Hiyo ni kete yangu."

Gabrieli akageuka. "Weka chakula, rudi shule."

"Shikamoo, baba mdogo. Nitarudi. Lakini hiyo ni kete yangu ya bao. Na ile pale, na ile."

"Jua limemchoma huyu," Gabrieli alisema, na watu wakacheka.

"Mzee, inuse," Dorika alimwambia Bwana Mughwai. "Ina mafuta ya alizeti."

Bwana Mughwai akainusa, akaisugua kwa kidole gumba, kidole kikateleza. Kicheko kikakatika.

"Uliziokota wapi, binti?"

"Korongoni, chini ya shimo la Wajerumani."

Mtaro ukahamishiwa korongoni. Huko, baada ya jasho jingi, ukatokea mshipa mwembamba wa kijani uliong'ang'ania ndani ya mwamba wenyewe. Gabrieli alikiri kwamba ndiye aliyezitupia kete mtaroni, akavuliwa usimamizi, akabaki na sululu kama wenzake.

"Sijui kama hapa patakuwa mgodi," Bwana Mughwai aliwaambia wachimbaji wote. "Lakini sasa tunatafuta mahali pa kweli. Tungechoronga kule, tusingepata kitu, tungefunga virago, na anayekuja baadaye angeambiwa Issuna hakuna shaba. Uongo uliowekwa ili kuokoa kazi ndio ungeiua. Mtoto huyu ameiokoa."

Jioni Gabrieli alikuja nyumbani, akakaa kigodani. Stefano akamwita binti yake.

"Dorika, ulimwaibisha baba yako mdogo mbele za watu. Mwombe radhi."

"Nilitaka baba yako asikose kazi," Gabrieli alisema, macho chini. "Wote wasikose."

Dorika alipiga magoti, akamnawisha mikono, akamsogezea ugali na mlenda.

"Karibu chakula, baba mdogo. Ukiniita shambani kwako kesho, nitakuja kulima. Heshima yako iko pale pale. Lakini ulichukua kete zangu bila kuniambia, ukazituma zikaseme uongo. Kwa hilo siombi radhi, leo wala kesho."